Bia za Kariakoo na kitambi: unaweza kukaa na wenzako na bado ukapungua?

Kila tunapozungumzia kisukari, presha au uzito hewani, kuna swali halikosekani kwenye ujumbe wa wasikilizaji. Huja kwa maneno tofauti, lakini maana yake ni moja: nimeambiwa nipunguze uzito, ila kazi yangu ni ya watu, na watu hukutana kwenye bia. Nifanyeje? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa hesabu. Tumechukua mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu ni mahali ambapo wengi wenu mnaotusikiliza mikoani mnapajua. Mnakuja kufunga mzigo, mnalala gesti usiku mmoja au miwili, na jioni mnakaa mezani na mwenyeji wenu.

Kabla ya yote, kama hunywi pombe, hakuna sababu ya kiafya ya kuanza. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Makala haya ni kwa yule ambaye tayari anakunywa, anataka kupungua, na hataki kupoteza jamaa zake.

Kwa nini bia ni sehemu ya biashara

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichoitwa Carrier Corps, ambacho kilikuwa na kambi eneo hilo. Leo wapagazi bado wapo, tunawaita makuli, pamoja na wasukuma mikokoteni wa Mtaa wa Kongo na Msimbazi. Lakini kinachoifanya Kariakoo iende siyo mabega peke yake. Ni kuaminiana.

Mfanyabiashara wa Ifakara au Kahama anaweza kuondoka na mzigo ambao hajaumalizia kulipa. Wenyewe tunaita mali kauli: mzigo unatoka kwa neno lako. Huwezi kumpa mali kauli mtu usiyemjua, na watu hujuana wakikaa pamoja. Wengine hukaa kwenye kahawa, hasa wale ambao dini yao au nafsi yao haitaki pombe. Wengine hukaa baa. Kwa huyu wa baa, kusema "mimi leo sinywi" kunaweza kuonekana kama kumkataa mwenyeji. Hapo ndipo ugumu ulipo. Daktari anaona kiuno chako, lakini haoni deni la mzigo wako.

Tukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi kitambi kimesomwa kama dalili ya mambo kwenda vizuri. Hali hiyo sasa ina gharama. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania alikuwa na uzito uliozidi au unene, na wanawake walikuwa mbele ya wanaume. Kwa hiyo hili siyo tatizo la matajiri wachache wa mjini.

Hesabu ya chupa moja

Chakula na kinywaji hupimwa kwa kalori, yaani kiasi cha nguvu ambacho mwili unapata. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Kileo, ile sehemu ya kinywaji inayolewesha, hutoa kalori 7 kwa gramu. Kumbe kileo kinakaribia zaidi mafuta kuliko ugali.

Bia ya kawaida ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takribani kalori 200. Kalori kama 140 zinatoka kwenye kileo chenyewe na zilizobaki kwenye wanga wa nafaka. Kalori 200 ni sawa na unga mkavu wa sembe gramu 55 hivi. Bia nne ni zaidi ya gramu 200 za unga, ambao ukisongwa ni sahani kubwa ya ugali. Hakuna mtu anayemaliza chakula cha jioni kisha akaongeza sahani nyingine kubwa ya ugali saa tatu usiku. Lakini bia nne juu ya chakula ni jambo la kawaida.

Pombe kali nayo ina hesabu yake. Chupa ya mililita 200 yenye kileo cha asilimia 35, ile ambayo baa nyingi huitwa bapa, ina karibu kalori 390, na zote zinatoka kwenye kileo. Ukiichanganya na soda ya mililita 350 unaongeza takribani kalori 150 za sukari. Glasi ya divai isiyo tamu ya mililita 150 ni kama kalori 125, na divai tamu inazidi hapo.

Haba na haba hujaza kibaba. Chukua mtu anayekunywa bia nne Ijumaa na nne Jumamosi. Hizo ni kalori 1,600 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, bia zake peke yake zinatosha kumwongezea kilo moja kila baada ya wiki tano, kama hapunguzi kitu kingine. Mwili haufuati karatasi kikamilifu, lakini mwelekeo ndio huo.

Sasa igeuze hesabu. Mtu yuleyule akishuka kutoka bia nane hadi tatu kwa wiki, anaokoa kalori 1,000. Kwa wiki nane hiyo inakaribia kilo moja, na hajagusa ugali wake wala wali wake.

Mwili unafanya nini na pombe

Mwili una ghala la kuhifadhi mafuta na ghala la kuhifadhi wanga. Pombe haina ghala. Mwili unaiona kama kitu cha kuondolewa haraka, hivyo ini linaishughulikia kwanza. Wakati ini linafanya hivyo, kazi ya kuchoma mafuta inasogezwa pembeni. Kwa maana hiyo si lazima bia yenyewe igeuke kuwa kitambi. Mara nyingi inazuia mafuta ya nyama na chipsi uliyokula yasitumike, nayo yanabaki yamehifadhiwa.

Muda unaohitajika ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Bia moja ya mililita 500 inaweza kulichukua ini saa mbili hivi. Ukianza saa moja jioni na kumaliza nne, hesabu inakupeleka hadi saa tisa usiku ndipo mwili urudi kwenye kazi yake ya kawaida. Ndiyo sababu pia mtu aliyelala saa sita na kuamka alfajiri kuwasha pikipiki anaweza bado kuwa na pombe mwilini ingawa anajiona mzima.

Kahawa, supu, maji ya limao au kuoga maji ya baridi haviharakishi kazi hiyo. Ini lina mwendo wake.

Wapo wanaosema bia ya moto haileti kitambi ila ya baridi ndiyo inayoleta. Mhudumu anapokuuliza "ya moto au ya baridi?" anakuuliza kuhusu ladha tu, kalori ni zilezile. Wapo pia wanaopanda kwenye mzani asubuhi baada ya usiku wa pombe, wakaona wamepungua na kufurahi. Pombe hukufanya ukojoe sana, kwa hiyo kilichopungua ni maji. Ukishakunywa maji ya kutosha, uzito unarudi.

Sahani iliyo mezani

Mara nyingi hasara kubwa haiko kwenye glasi, iko kwenye sahani. Pombe huamsha hamu ya kula na hulegeza ule uamuzi uliotoka nao nyumbani. Mtu aliyesema jioni hali chipsi, baada ya bia ya tatu ndiye anayeagiza mayai mawili juu yake.

Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Chipsi zinalowana mafuta, na chipsi mayai inaongezewa mengine kwenye kikaango. Kiti moto ya kukaanga inaiva kwenye mafuta yake yenyewe. Kwa upande mwingine, mishkaki isiyo na mafuta mengi, samaki wa kuchoma, ndizi za kuchoma na kachumbari vinakushibisha kwa gharama ndogo zaidi. Kama nyama choma ina utando mnene wa mafuta, ukate uuache pembeni.

Kosa la watu wengi wanaotaka kupungua ni kufunga mchana kutwa ili "wabakize nafasi" ya bia. Usifanye hivyo. Pombe kwenye tumbo tupu inapanda haraka, inaweza kushusha sukari ya damu, na inakufanya ule zaidi usiku. Kula chakula chako cha kawaida kabla ya kutoka: maharage, dagaa, mboga za majani na ugali wa kiasi. Ukifika mezani umeshiba, hata harufu ya jiko haikuvuti sana.

Kuli na mwenye duka

Utasikia mtu akisema: mbona fulani anakunywa kila siku na ni mwembamba? Pale Kariakoo jibu unaliona kwa macho. Kuli anabeba marobota ya nguo kutoka stoo hadi kwenye gari kuanzia asubuhi. Mwenye duka anakaa kwenye kiti, mbele yake kuna soda, chai ya maziwa na vitafunwa, na jioni anapanda gari. Wakikunywa bia tatu kila mmoja, kalori ni sawa, lakini kuli alishatumia nguvu nyingi mchana.

Hilo halimaanishi kuli yuko salama. Ini lake, presha yake na mfuko wake vinaumia vilevile. Pombe ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, na kwa hilo wembamba si kinga.

Je, unaweza kuitembeza bia ikaisha? Mtu wa kilo 70 akitembea kwa mwendo wa haraka kidogo kwa saa moja, anatumia takribani kalori 250. Kwa hiyo bia moja inahitaji dakika 45 hadi 50 za kutembea. Bia nne ni zaidi ya saa tatu. Mazoezi ni muhimu, na ushauri wa kimataifa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki, lakini ni rahisi zaidi kutofungua chupa ya nne kuliko kuitembeza.

"Kama tulivyo"

Neno lenye gharama kubwa baa ni "kama tulivyo". Mmoja anamwita mhudumu, anasema kama tulivyo, na kila mtu anapata nyingine hata kama ya kwanza iko nusu. Mkiwa sita na kila mmoja akataka kuonyesha ukarimu, mtakunywa raundi sita. Hizo ni kalori 1,200 kwa kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyepanga kunywa bia sita. Zimekuja kwa zamu.

Kuna njia za kubaki mezani bila kufuata zamu hiyo.

Sema mapema, usisubiri bia ya tatu. Mwambie mwenyeji wako kabla hamjakaa: "Kaka, leo nakaa na wewe, ila mimi ni mbili tu." Mtu akijua tangu mwanzo hahisi amekataliwa. Kusema "niko kwenye dozi" kutakusaidia leo, lakini wiki ijayo wataulizia kama dozi imeisha. Ukweli unadumu zaidi.

Lipa raundi yako ya kwanza. Ukishatoa, hakuna atakayesema unakwepa. Kinachohesabiwa mezani mara nyingi ni kutoa, siyo kunywa.

Mwambie mhudumu asifungue chupa yako mpaka uagize mwenyewe. Chupa iliyofungwa inaweza kurudi kaunta au kupewa mwingine. Iliyofunguliwa inakudai.

Weka maji makubwa mezani na unywe glasi moja kati ya bia na bia. Mkono hauko mtupu na mwendo unapungua. Angalia tu usibadilishe bia kwa soda ukadhani umeokoka, maana soda ya mililita 350 ina takribani kalori 150. Maji hayana kalori. Kahawa chungu ya kikombe kidogo karibu haina kabisa, ila kashata inayokuja nayo ina sukari.

Kuhusu bia nyepesi zenye kileo cha asilimia 4, zinapunguza kiasi. Nyingi zina kalori kama 150 kwa mililita 500. Lakini ukinywa nne za hizo badala ya tatu za kawaida, zote ni 600. Umelipa chupa moja zaidi na hujapata kitu.

Na wewe ambaye ni mwenyeji, una nafasi kubwa kuliko wote. Mgeni wako akisema zimetosha, mwache. Uaminifu wa mali kauli haupimwi kwa idadi ya chupa. Unapimwa siku ya kulipa. Mgeni aliyelala mapema ataamka na akili ya kuhesabu mzigo wake.

Na huko kijijini je?

Hesabu ya bia ya chupa ni rahisi kwa sababu asilimia ya kileo imeandikwa kwenye lebo. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa na Njombe, rubisi ya Kagera, mnazi wa Pwani, wanzuki na komoni havina lebo. Nguvu yake inabadilika kadiri kinywaji kinavyokaa. Mbege ina ndizi na ulezi, kwa hiyo pamoja na kileo unakunywa chakula. Watu hunywa kwa lita, na lita moja ni sawa na ujazo wa chupa mbili za bia. Kanuni ya kutumia ni ya chombo: chagua kopo moja dogo, jua linajaa kiasi gani, na hesabu makopo. Ukinywa kwa kupokezana kibuyu huwezi kujua umekunywa kiasi gani.

Gongo tusiiingize kwenye mpango wowote. Ni haramu kisheria, nguvu yake haipimiki, na inaweza kuwa na sumu inayopofusha au kuua.

Wanaopaswa kuacha kabisa

Wapo watu ambao kwao swali si kupunguza. Mjamzito asinywe kabisa. Mwenye ugonjwa wa ini asinywe. Anayetumia dawa za kifua kikuu, dawa za kisukari au metronidazole, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Flagyl, azungumze na mtoa dawa kabla ya kugusa pombe, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zikichanganyika na pombe zinadhuru. Dereva wa gari, bajaji au bodaboda asinywe akiwa kazini.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu anayekunywa sana kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza, asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea hivyo unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Huyo aende kituo cha afya aeleze ukweli, ili asaidiwe kuacha chini ya uangalizi. Siyo aibu. Ni ugonjwa kama mwingine.

Pima kwa kamba, jaribu wiki nne

Huna haja ya mzani. Chukua kamba, kata iwe sawa na urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni. Ikunje katikati. Kisha izungushe kiunoni, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ikikutana, uko vizuri. Isipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni ishara kwamba hatari ya kisukari, presha na magonjwa ya moyo imeongezeka. Nenda ukapimwe presha na sukari.

Kisha jaribu wiki nne. Panga siku za kunywa kabla wiki haijaanza, zisizidi mbili, na chupa zisizidi mbili kwa siku. Zilizobaki zisihamie kesho yake. Kula kabla ya kutoka. Andika idadi kwenye simu yako usiku uleule, maana asubuhi kila mtu hukumbuka pungufu. Baada ya wiki nne rudisha ile kamba kiunoni. Kama pengo limepungua, endelea. Kama halijapungua, angalia sahani, soda na chai ya sukari, au umwone ofisa lishe wa halmashauri yako, maana ushauri wake ni sehemu ya kazi yake.

Lakini kama ulipanga mbili na kila mara ukaishia tano, hiyo nayo ni habari muhimu. Inaonyesha kwamba tatizo si kitambi tena, ni pombe yenyewe. Hapo ongea na mtu unayemwamini nyumbani, na mhudumu wa afya, kabla ya safari yako nyingine ya kufunga mzigo.